Mbega hawaui mtu, jiko la mkaa linaua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Najua barua ndefu hukatwa. Ukikata, kata popote utakapo isipokuwa pale ninapozungumzia jiko.

Mimi ni mpishi mstaafu wa safari za kambi. Nilianza mwaka 1989 nikiwa muosha sufuria, nikauweka mwiko chini mwaka 2016 magoti yalipogoma. Katika miaka hiyo 27 nimelala hemani, nimelala chini ya lori, nimelala juu ya lori, na nadhani nimelala kwenye kiti cha mbele cha gari mara nyingi kuliko kitandani kwangu hapa Usa River. Mama watoto atathibitisha. Nimewapikia wageni kutoka kila upande wa dunia, ila Mtanzania aliyelipa kwa hela yake nilimpikia mara chache sana. Sasa mambo yamegeuka. Vijana wa Arusha, Dodoma na Dar es Salaam wanatoa viti vya nyuma vya Noah au Hiace, wanatandika godoro, wanapakia watoto na spika, hao wameondoka. Magazeti yanatuhimiza utalii wa ndani, na lako limo. Nafurahi sana. Lakini mnatuhimiza twende tu; namna ya kulala huko tukaamka hamjatueleza.

Hilo neno "tukaamka" nimeliweka makusudi.

Agosti mwaka huu mkwe wangu alinichukua tukaenda Lushoto. Ana Hiace iliyokuwa daladala, ule mstari wa ubavuni bado unaonekana chini ya rangi mpya jua likipiga. Fundi seremala amemtengenezea humo kitanda cha plaiwudi chenye bawaba katikati: mchana nusu inakunjwa inakuwa benchi, usiku inalala. Chini ya kitanda kuna masanduku mawili, la nguo na la jikoni. Yeye, binti yangu na mjukuu wangu wa miaka sita walilala garini. Mimi nilipiga hema pembeni kwa hiari yangu, harufu ya turubai ndiyo usingizi wangu.

Kambi yenyewe iko juu ya mji, jirani na msitu wa Magamba. Lushoto mjini ni mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na kule ni juu zaidi, na Agosti baridi yake si ya kuvaa fulana. Jirani yetu alikuwa na Noah ya rangi ya fedha, yeye na mkewe na watoto wawili, watu wa Dar. Watu wazuri, walitugawia hata nanasi.

Alfajiri ya kwanza mbega wakanguruma. Kwa asiyewahi kuwasikia, ile si sauti unayoitegemea kwa nyani au tumbili. Ni kama pikipiki kubwa inayopigwa kiki na kukataa kuwaka, halafu nyingine ikaitikia kutoka ng'ambo ya bonde. Nilisikia kwenye Noah mtoto akilia na mama akisema, "Baba, funga vioo, funga vyote!" Siku hiyo hawakwenda mbali na gari. Jioni, nikiwa nimeinama kwenye beseni nasugua sufuria, nikamwona yule baba anapita na jiko la mkaa. Makaa yamekolea, mekundu kama ndani ya papai, moshi hamna. Akaliingiza nyuma ya gari. Mlango ukateleza, ukajifunga. Vioo vyote juu.

Nilikwenda na povu mikononi nikagonga kioo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, litoe hilo jiko."

"Baridi mzee, na hawa watoto. Halina moshi, nimelisubiri nje mpaka limekolea."

"Hilo lililokolea ndilo baya."

"Basi tushushe kioo kidogo."

"Litoe kwanza, ya kioo tutazungumza baadaye."

Akamwangalia mkewe, akainama karibu na sikio langu. "Mzee, vioo hatuwezi kushusha. Kuna mnyama hapa. Amenguruma asubuhi, hatujui kama ni chui au simba."

Nilitaka kucheka lakini watoto walikuwa wananitazama. Nikamwambia ni mbega, mla majani, manyoya meusi na meupe, mtu akimsogelea anapanda juu zaidi. Jiko likatoka. Mkono wake ulitetemeka kidogo alipolitua kwenye nyasi, na sidhani kama ilikuwa baridi.

Nalijua jiko hilo kwa sababu liliwahi kutaka kunichukulia mwenzangu. Ilikuwa ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, mwezi Julai, miaka ya tisini. Pale ni zaidi ya mita 2,200, na ukungu ukipanda huoni kigingi cha hema la jirani. Kijana aliyekuwa akinisaidia jikoni alikuwa mtu wa Pangani, baridi ya namna ile alikuwa hajaiona. Alikusanya makaa yaliyobaki baada ya chakula cha jioni, akayatia kwenye debe lililotobolewa, akajifungia nalo. Saa kumi na moja alfajiri nilikwenda kumwamsha abandike maji ya chai. Kimya. Nilipofungua zipu ilitoka hewa ya vuguvugu isiyo na harufu yoyote. Amelala chali, mdomo wazi. Mimi na dereva tulimvuta nje kwa miguu kama gunia la viazi. Alitapika kabla hajafumbua macho. Alilazwa siku mbili, na kichwa kilimuuma wiki nzima. Kilichomponya ni zipu mbovu, ilikuwa haifungi hadi chini, ikaacha tundu la kupitisha mkono. Zipu hiyohiyo nilikuwa nimemgombeza siku nne kwa uvivu wa kutoishona.

Mkaa ukiungua mahali palipofungwa hutoa hewa inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi ni rafiki, maana unakufukuza. Hii haimfukuzi mtu. Inaingia kwenye damu na kukalia kiti cha oksijeni. Unaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili unalegea, unasema labda malaria, labda ile mishikaki ya njiani, ngoja nilale kidogo. Ukilala ndiyo basi. Kushusha kioo kidole kimoja hakutoshi. Kuweka sufuria ya maji juu ya jiko, kama alivyowahi kunielekeza mtu mzima mwenye cheo chake, hakusaidii, maji hayaimezi hiyo hewa. Hata jiko la gesi halilali na watu, jenereta haikai mlangoni, na injini haiachwi inawaka usiku kucha ili hita ifanye kazi. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje kwenye hewa safi kabla ya jambo lolote, kisha hospitali, hata kama amezinduka na anasema yuko sawa.

Sasa baridi tuifanyeje? Watu hujifunika mablanketi matatu juu, na chini wana godoro tupu juu ya bati. Baridi ya garini hutoka chini. Blanketi mbili chini, moja juu, ndivyo ilivyo. Kama godoro ni jembamba, weka kadibodi za maboksi kwanza, halafu mkeka, halafu godoro. Usilale na nguo ulizoshinda nazo, zimeloa jasho hata kama hulioni. Vaa soksi kavu na kofia. Chemsha maji, yatie kwenye chupa ya chuma yenye mfuniko wa kukaza, ivalishe soksi, iweke miguuni mwa mtoto. Kunywa uji kabla ya kulala, kisha nenda msalani, maana anayejibana usiku kwa kuogopa kutoka hapati joto hata kidogo. Yule baba wa Noah tulimpa chupa mbili na mkeka. Usiku huo sikumsikia mtoto akilia.

Na kioo kinashushwa. Watu wanne wakipumua ndani ya gari lililofungwa, asubuhi maji yanatiririka kwenye vioo, blanketi limelowa, mnaamka mmechoka na hamjui kwa nini. Binti yangu ameshona vipande vya chandarua vyenye mpira pembeni, unavivisha fremu ya mlango kama soksi, kioo kinashuka nusu, mbu habahatiki. Huko Mto wa Mbu usipofanya hivyo utajua mji ulikopata jina lake.

Gari ukilifanya nyumba lina mambo yake mengine. La kwanza ni uzito, na hapa madereva wenzangu wa zamani wataniunga mkono. Maji lita 20 ni kilo 20. Madumu manne ya maji ni mtu mzima na mtoto wake. Vitu vizito vikae chini, katikati, vifungwe. Juu ya keria weka magodoro na viti vya plastiki tu. Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ni kilomita 30 na ushee za kona tupu, ukuta upande huu na bonde la Soni upande ule. Tulipishana na gari lenye tenki la maji juu ya keria, kila kona linainama kama mtu anayesinzia kanisani. Na kushuka mlima shuka na gia uliyopandia. Mtu wa tambarare hushuka na breki mpaka Mombo, akifika chini magurudumu yananuka. Mkwe wangu hili alilijua, tena nilimpima kwa kukaa kimya.

Ukifika kambini, usiwahi kutandaza vitu. Zima gari, laza chupa ya maji iliyojaa nusu kwenye sakafu, utazame maji yanaelekea wapi. Kama gari limelala upande, chimba kidogo chini ya tairi la juu au pandisha tairi la chini kwenye ubao. Kichwa kikilala chini kuliko miguu utaamka na uso umevimba. Halafu mawe nyuma ya magurudumu, handibreki peke yake usiiamini.

Jikoni sasa, ambako ndiko kwangu.

Kosa kubwa ninaloliona ni watu kupakia chakula kwa mpangilio wa duka: unga na unga, makopo na makopo. Mnafika saa kumi na mbili jioni, mvua inaanza, watoto wanalia, na majani ya chai yako chini ya kila kitu. Mimi sanduku langu la kwanza ni la chai. Birika, jiko dogo, kiberiti cha pili kwenye kifuko cha nailoni, majani, sukari, vikombe, mkate. Linaingia mwisho, linatoka la kwanza, mlango wa nyuma ukifunguliwa liko usoni. Watu wakishashika kikombe cha moto hugeuka wakawa watu tena, hema litasimama lenyewe.

Maharage yachemshwe nyumbani. Usinipeleke porini na maharage mabichi, utamaliza mtungi wa gesi wa kilo 6 ukiyasikiliza. Yachemshe mpaka yawe laini, yachuje, yagandishe kwenye mifuko. Kule unaunga tu kwa kitunguu na nyanya. Vitunguu na karoti za pilau zinakatwa nyumbani. Chapati nazo zinapikwa nyumbani, zinapangwa kwenye hotipoti siku ya kwanza, siku ya pili zinapashwa kwenye kikaango kikavu. Mayai nayazika kwenye ndoo ya unga wa sembe, ncha chini. Nimepita nayo barabara za Serengeti zilizojikunja kama bati la nyumba, na hesabu ya waliovunjika haikufika vidole vya mkono mmoja kwa safari. Likivunjika moja, unajua ugali wa leo utakuwa na rangi gani.

Wali una siri yake. Ukishachemka na maji kukaribia kukauka, epua, funika sana, viringisha sufuria nzima kwa gazeti nene na blanketi, weka ndani ya boksi. Baada ya nusu saa umeiva, na mtungi umepumzika. Kumradhi, Mhariri, gazeti lako nimelitumia hivyo kwa miaka mingi, hasa kurasa za michezo timu yangu ilipofungwa.

Gazeti hilohilo ndilo friji yangu. Friji za kuchomeka kwenye gari ni nzuri kwa mwenye betri ya pili. Sisi wengine tuna deli, kama lile la wauza samaki. Gandisha maji kwenye chupa za lita moja na nusu, usinunue barafu ya vipande, itayeyuka na kulowesha nyama. Chupa ikiyeyuka unakunywa. Nyama igandishwe iwe jiwe, ivingirishwe gazeti tabaka kama sita, ikae chini kabisa. Na madeli yawe mawili: moja la nyama, lisilofunguliwa ila wakati wa kupika, na moja la soda, kwa sababu mtoto atalifungua mara arobaini kwa siku na hakuna utakachomwambia akakusikia. Siku ya tatu nyama ikiisha, dagaa. Dagaa hawajawahi kumwangusha mtu. Tena Lushoto usibebe mboga kutoka nyumbani, ni kupeleka maji mtoni. Pale Soni tulinunua kabichi, karoti na mapeasi kwa bei iliyonifanya nione aibu kupunguziwa.

Mtungi wa gesi usimame wima safarini, umefungwa koki. Kila unapofunga mpira wake, chovya kidole kwenye povu la sabuni upake kwenye maungio. Kikitokea kiputo, usiwashe. Upepo ukisumbua, kinga jiko kwa bati au mawe upande mmoja tu, usilizungushie pande zote likajipasha mtungi wake.

Maji, kwa mtu mmoja kwa siku, ya kunywa na kupikia nahesabu lita 5. Ya kuoga nahesabu imani yake.

Betri nitasema kwa kifupi kwa kuwa ilituaibisha. Usiku wa pili mkwe wangu alichaji simu tatu na spika kwenye gari lililozimwa, taa ya ndani ikawaka mpaka usiku wa manane. Asubuhi ufunguo ukazungushwa, ikasikika tik, tik. Yule baba wa Noah ndiye aliyetubusti, akifurahi kupata cha kunilipa. Taa ya sola ya kuning'iniza inatosha familia, na waya za kubusti uwe nazo zako.

Mahali pa kulala nitaeleza zaidi, maana hapa pia watu huogopa kisichowaua. Mchanga mweupe wa korongo ni mzuri, hauna miiba, hauna mawe, umelala kama kitanda. Usilale hapo hata kama mbingu ni safi. Wakati wa mvua za El Niño, mwishoni mwa 1997 kuingia 1998, tulikuwa upande wa Engaruka tumeshapiga hema tatu kwenye mchanga wa namna hiyo. Mzee mmoja wa Kimaasai alipita na mbuzi wake, akasimama, akaegemea fimbo, akauliza, "Nyinyi mmepewa ruhusa na nani kulala njiani?" Tukamwambia hakuna njia hapa. Akasema, "Iko. Mwenyewe hajafika." Kiongozi wetu alikasirika lakini tulihama, tukanung'unika. Saa tano usiku mwenye njia alifika. Kwetu haikuwa imenyesha hata tone. Yalikuja maji ya milimani, yenye rangi ya chai ya maziwa, yakiviringisha mawe chini yake mpaka ardhi ikatetemeka. Asubuhi tulikuta mti mzima umelala pale lilipokuwa hema la wageni. Toka hapo namuuliza mwenyeji kabla sijatua hata kijiko.

Wanyama, basi. Ukiwa kambi za hifadhini, funga zipu, usitembee gizani, chakula kisilale hemani. Tembo hunusa machungwa na ndizi kutoka mbali, na mlango wa gari kwake ni kama mfuniko wa kopo. Fisi huchukua viatu vilivyoachwa nje. Mimi nimepoteza ndala tatu, zote za kushoto, sijui walikuwa wanazifanyia nini. Siafu wakija, hama, usibishane nao, ila majivu ya moto yakizungushiwa vigingi huwapunguza. Usiku weka ndoo yenye mfuniko ndani kwa haja ndogo, na kama lazima utoke, mulika tochi pande zote kwanza utafute macho yanayong'aa. Ndorobo, yaani mbung'o, hupenda nguo za buluu na nyeusi, Tarangire utaniambia. Takataka zenu rudini nazo. Moto uzimeni kwa maji mpaka mkono uweze kugusa jivu. Hayo ndiyo ya wanyama. Ona yalivyo machache, Mhariri, na ona jinsi watu wanavyoyaulizia hayo tu.

Sasa ninaloliomba. Pale kambini nilihesabu vibao vinne. Kimoja kinakataza kelele baada ya saa nne usiku, kimoja kinakataza kulisha wanyama, kimoja kinaelekeza chooni, cha nne kinakataza kuchuma maua. Vyote kwa Kiingereza, na wageni waliokuwapo wikiendi ile walikuwa Waswahili watupu. Cha jiko hakuna, wala kwa Kiingereza wala kwa Kichina. Na jiko lenyewe yule baba hakutoka nalo Dar. Alilikodi palepale ofisini, shilingi 5,000 kwa usiku, mkaa ukiwa ndani yake, akiambiwa ni "la kupashia joto". Siitaji kambi hiyo, kwa sababu nimeona mambo kama hayo kwingine pia, na kijana wa ofisini alikuwa mpole, hakuna aliyemfundisha.

Nawaomba wenye kambi, za serikali na za watu binafsi, waandike kibao kimoja cha Kiswahili: JIKO LISILALE NA MTU, GARINI WALA HEMANI. Herufi kubwa, rangi nyekundu, kiwekwe hapo mahali pa kukodishia. Kipande cha mbao na kopo la rangi. Anayekodisha jiko aseme hivyo kwa mdomo pia, kabla hajapokea hela.

Asubuhi ya tatu mbega walishuka hadi mti wa mwisho wa msitu, mikia yao myeupe inaning'inia kama taulo zilizoanikwa. Mtoto mkubwa wa Noah aliwahesabu, akafika tisa, akabishana na mjukuu wangu aliyesema kumi na moja. Mama yao alipiga picha mpaka simu ikazima. Baba alikuja na utepe wa fundi kupima kitanda cha Hiace, anataka bawaba kama zile. Kisha akalibeba jiko akalirudisha ofisini.

Nilikuwa nakunja hema. Nikamwona kijana wa ofisini analitoa tena, anapuliza makaa, analipeleka kwa wanafunzi waliofika usiku na hema mbili za kijani, ambao bado walikuwa wanatetemeka na zipu zimefungwa.

Nikavaa ndala, nikamfuata.

Mpishi mstaafu,
Usa River, Arusha